Mlango Juu ya Mapipa, Joho Ndani ya Sanduku

Hotuba kwa matabibu na wauguzi wanaoanza kazi vijijini

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazazi mliofika leo, na ninyi vijana ambao kuanzia wiki ijayo mtaitwa "daktari" na watu wenye umri wa babu zenu. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Niliombwa nizungumze juu ya kazi ya kutibu vijijini. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, na kama ni visa vya kwangu ningeweza kuwasimulia mpaka jua lizame. Lakini hayo mtayaona wenyewe kabla ya miezi mitatu kuisha. Mtazalisha kwa mwanga wa simu. Mtalipwa kuku. Mtaamshwa saa nane usiku na mzee anayelia mlangoni. Leo nataka niwaletee mtu mwingine, wa zamani na wa mbali, aliyekuwa daktari wa vijijini kusini mwa Marekani katika karne ya 19 na kabla ya hapo akawa daktari wa vita. Anaitwa Simon Baruch. Nilianza kumsoma kwa sababu ya kazi yake ya maji na homa ya matumbo, nikampenda sana. Kisha nikafika mahali katika maisha yake nikakifunga kitabu, nikakaa kimya. Nimekuja na sehemu zote mbili, ile niliyoipenda na ile iliyoninyamazisha. Sitawapa nusu mtu.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1840 katika mji mdogo wa Schwersenz, karibu na Posen, wakati huo chini ya ufalme wa Prussia. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1855, akiwa na miaka 15, alivuka bahari asije akaburutwa kwenye jeshi la mfalme. Katika Marekani yote alimjua mtu mmoja tu, Mannes Baum, mtu wa kwao aliyekuwa na duka Camden, mji mdogo wa South Carolina. Akaenda huko huko. Fikirieni kijana asiyejua Kiingereza, amekaa nyuma ya kaunta anaandika hesabu za vitambaa na sukari, na usiku anafungua kitabu cha historia na kamusi, anafasiri mstari mmoja mmoja. Ndivyo alivyojifunza lugha. Baum akaona huyu si mtoto wa kaunta, akamlipia masomo ya udaktari, kwanza Charleston, kisha Chuo cha Tiba cha Virginia mjini Richmond. Alimaliza mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeshawaka.

Yule aliyekimbia jeshi moja sasa akaingia jeshi jingine kwa hiari yake. Aprili 1862 aliandikishwa kuwa daktari msaidizi wa Batalioni ya 3 ya South Carolina, upande wa Shirikisho la Kusini, yaani majimbo ya watumwa yaliyojitenga na Marekani. Baum ndiye aliyempa sare na upanga. Alikuwa na mdogo wake, Herman, kijana wa miaka 17, naye alikuwa amekuja Camden. Simon alimwonya abaki nyumbani, vita si vyake. Haikupita muda, akamkuta Herman amevaa sare ya askari wa farasi. Alipomuuliza, kijana akajibu kwamba alishindwa kuwatazama wanawake wa mji usoni. Vijana wengi wameingia vitani kwa sababu ndogo kama hiyo, na hakuna mnara unaoandikwa hivyo.

Maneno ambayo Simon mwenyewe alikuwa akiyasema uzeeni, nami nataka myakumbuke siku ya kwanza mtakapobaki peke yenu na mgonjwa, ni kwamba aliingia vitani kabla hajawahi hata kutumbua jipu. Cheti anacho, mikono haijui kitu. Mwishoni mwa Agosti 1862, katika vita vya pili vya Manassas, alifikishwa kwenye meza ya upasuaji iliyokuwa na foleni ya majeruhi. Daktari mkubwa akamtazama alivyobadilika rangi, akamwambia kwa kejeli kwamba labda yeye angependa kupasua. Baruch akachukua kisu, akakata kiungo chake cha kwanza palepale, mbele ya yule aliyemdharau.

Wiki mbili na siku kadhaa baadaye, tarehe 14 Septemba, batalioni yake ilisagwa South Mountain, Maryland. Kamanda wao, George James, aliuawa pale pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Baruch alikuwa Boonsboro, kwenye uwanja wa kanisa, anatengeneza hospitali. Meza hakuna. Mlango ukang'olewa kwenye bawaba zake, ukalazwa juu ya mapipa mawili, na hiyo ndiyo meza.

Hapo kwenye mlango nitawakawiza kidogo, maana ninyi mtakutana nao. Hautakuwa juu ya mapipa, utakuwa juu ya madawati ya shule au matofali, lakini mtakutana nao. Mgonjwa analazwa. Kitambaa kinakunjwa, matone ya klorofomu yanadondoshewa, kinawekwa puani. Watu wengi hudhani askari wa vita vile walikatwa wakiwa macho, wanauma risasi kwa meno. Sivyo, wengi walipata dawa ya usingizi. Kilichowaua kilikuja baadaye. Risasi za wakati ule zilikuwa za madini ya risasi, laini na nzito. Zikigonga mfupa haziuvunji tu, zinausaga vipande vipande, na kuingiza ndani ya kidonda nyuzi za sare na udongo. Mkono au mguu uliosagwa hivyo ukiachwa unaoza na mtu anakufa, kwa hiyo wanakata. Kisha daktari anapangusa msumeno kwenye aproni, anachovya sifongo lile lile kwenye ndoo ile ile, anaita mwingine. Hakuna aliyejua. Joseph Lister alichapisha habari za kuua vijidudu kwenye vidonda mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita kwisha. Katika waliokufa kwenye vita hivyo, na makadirio ya zamani ni kama watu 620,000, karibu theluthi mbili waliuawa na maradhi: kuhara damu, homa ya matumbo, nimonia, surua, malaria. Waliuawa na maji machafu na vyoo vilivyochimbwa juu ya mto. Shikeni neno maji, nitalirudia.

Pale Boonsboro, wakati mgonjwa tayari amelala kwa klorofomu na mizinga inasogea, jeshi lake lilianza kurudi nyuma. Baruch hakuondoka. Aliendelea na kazi mpaka adui akafika, na daktari wa jeshi la Kaskazini akamwendea akamuuliza kama anahitaji msaada. Jina la daktari yule alilikumbuka mpaka uzeeni. Alichukuliwa mateka, akapelekwa Baltimore, akaachiliwa baada ya majuma kadhaa kwa kubadilishana.

Mwaka uliofuata likamfika jambo lile lile, kubwa zaidi. Julai 1863, Gettysburg. Batalioni yake ilikuwa katika brigedi ya Kershaw iliyoshambulia tarehe 2 Julai, na majeruhi wakawa wanabebwa kwenda nyumba ya wageni ya mawe iitwayo Black Horse Tavern, kando ya kijito cha Marsh Creek. Walikata usiku na mchana. Siku ya tatu vita vikashindwa, na Jenerali Lee akaamuru jeshi lirudi kusini. Majeruhi wasioweza kusafirishwa wakabaki, na amri ikatoka kwamba Baruch na madaktari wenzake wawili wabaki nao.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipompenda mtu huyu. Wasikilizeni magari yakiondoka. Mvua kubwa inanyesha, historia inasema ilinyesha kweli kweli tarehe 4 Julai, magurudumu yanazama kwenye tope, kelele zinapungua mpaka zinakwisha, na mnabaki watatu, na sakafu imejaa watu wanaoomba maji. Mnajua kesho anayekuja ni adui. Alikaa hapo karibu wiki sita akiwahudumia. Kisha yeye na madaktari wengine wakapandishwa kwenye mabehewa ya ng'ombe, wakafungwa Fort McHenry, Baltimore, kwa sababu daktari mmoja wa Kaskazini alikuwa ameshikiliwa kusini kwa mashtaka mazito na serikali zao zilikuwa zinavutana juu yake. Ndani ya ngome ile Baruch hakukaa bure. Aliandika taarifa ya kitabibu juu ya majeraha mawili ya singe yaliyopenya kifuani, ikachapishwa mwaka 1864 katika jarida la tiba la Shirikisho. Mateka anaandika makala! Nami nakutana na matabibu wenye kompyuta mezani wanaoniambia hawana nafasi ya kujaza rejista.

Machi 1865, vita vikiwa vinaelekea ukingoni, alitumwa Thomasville, North Carolina, kutayarisha hospitali kwa majeruhi wa Averasboro na Bentonville. Hakukuta vitanda. Alikusanya wazee na wavulana, maana wanaume wote wenye nguvu walikuwa vitani, akawatuma msituni wakalete majani makavu ya misonobari, yakajazwa kwenye magunia yakawa magodoro. Usiku vikuni vya msonobari vyenye utomvu viliwashwa viwe taa. Akina mama wa mji walioka mikate. Majeruhi walishushwa kutoka kwenye treni wakiwa wamegandamana na pamba waliyolalia, kwa damu iliyokauka. Akapasua siku nzima na iliyofuata, amelala saa mbili tu, mpaka kichwa kikaanza kumpasuka kwa maumivu. Akaomba ruhusa kwa simu ya maandishi, kisha akaanguka. Homa ya matumbo. Alipopata fahamu, karibu wiki mbili zilikuwa zimepita, na akaambiwa vita vimekwisha. Alirudi Camden kwa magongo.

Mpaka hapa mnamwona shujaa, nami niliposoma nilimwona hivyo. Sasa turudi nyuma tupite mlango wa pili.

Jimbo la South Carolina, kwa sensa ya 1860, lilikuwa na watu takribani 703,000. Kati yao 402,000 na ushei walikuwa watumwa. Zaidi ya nusu ya watu wa jimbo zima walikuwa mali ya wengine. Hivyo ndivyo vita vilivyokuwa, hata askari mmoja mmoja akisema anapigania nyumbani kwao. Katika hospitali za Shirikisho, ikiwemo ile kubwa ya Chimborazo mjini Richmond, waliofua shuka zenye usaha, waliopika uji, waliowageuza wagonjwa na kumwaga ndoo, wengi walikuwa watumwa waliokodishwa kutoka kwa mabwana zao. Na pale Richmond, kwenye chuo alichosoma Baruch, mwaka 1994 mafundi waliokuwa wanachimba msingi wa jengo jipya walikuta kisima cha zamani. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya binadamu, wengi wao watu wenye asili ya Afrika. Ni miili iliyotumiwa kufundishia wanafunzi wa udaktari katikati ya karne ya 19, kisha ikatupwa kisimani. Mwili wa mtumwa haukuwa na ndugu mwenye sauti ya kuudai. Hapo ndipo elimu yetu sisi waganga ilipopita, na mimi siwezi kuisifu bila kukitaja kisima kile.

Baada ya vita alioa, mwaka 1867, Isabelle Wolfe wa Winnsboro, binti wa familia iliyokuwa na mashamba na watumwa kabla jeshi la Sherman, jenerali wa Kaskazini, halijapita na moto. Walizaa watoto wanne wa kiume: Hartwig, Bernard, Herman na Sailing. Bernard ndiye aliyekuja kuwa tajiri wa Wall Street na mshauri wa marais, na mengi ninayowaambia ya nyumbani kwao ni yeye aliyeyaacha.

Kwa takribani miaka 16 Simon Baruch alikuwa daktari wa vijijini, na hapa mtajitambua. Alizunguka kwa kigari cha farasi, mvua na vumbi. Kusini ilikuwa imefilisika, noti za Shirikisho hazinunui hata chumvi. Watu walimlipa mzigo wa kuni, kipande cha pamba, mahindi, kuku, au siku ya kibarua. Ofisini kwake, kando ya majarida ya tiba, kulikuwa na rundo la majarida ya kilimo yenye jalada la njano. Alikuwa na ekari kama tatu nyuma ya nyumba, alizoziita shamba lake, na humo alijaribu mbegu za pamba, mahindi, shayiri na miwa, akashinda zawadi kwenye maonyesho ya wilaya. Alisema na mkulima juu ya udongo kabla ya kusema naye juu ya ini. Ninyi mtakaopelekwa mahali watu wanalima korosho au ndizi, jifunzeni korosho na ndizi. Mgonjwa atakuamini haraka zaidi.

Mwaka 1874 alichaguliwa rais wa chama cha madaktari wa South Carolina, na mwaka 1880 akaongoza bodi ya afya ya jimbo. Alipigia kelele chanjo ya ndui. Nashangaa kila nikilifikiri hilo: mtu wa wilayani, anayelipwa kuni, anadai serikali iwakinge watu ugonjwa kabla haujafika.

Na katika miaka hiyo hiyo, ndani ya nyumba hiyo hiyo, kulikuwa na sanduku darini.

Bernard na kaka yake Hartwig, wakiwa wadogo, walipanda darini kutafuta karanga zilizohifadhiwa huko, na wakalifungua sanduku la ngozi ya farasi. Juu ilikuwa sare ya baba yao ya vitani. Wakachimba. Chini yake walikuta kofia nyeupe ya kufunika kichwa na joho refu jeupe, kifuani lina msalaba mwekundu. Hilo ni vazi la Ku Klux Klan. Mama yao akawakuta nalo mikononi, akawakaripia, akawaapisha wasimwambie mtu. Na Bernard akiwa mzee alikiri jambo ambalo wengi wangelificha: kwamba siku ile, kama mtoto, alimwona baba yake mkubwa zaidi.

Sijui niwaambieje nilivyojisikia niliposoma hayo. Mkono uliobaki na wagonjwa Black Horse Tavern ndio uliokunja joho lile. Sikilizeni lilikuwa vazi la nini. Klan ya miaka ile ilikwenda usiku kwa nyumba za Weusi waliokuwa wamepata uhuru na kura, ikawachapa mijeledi, ikawachoma moto, ikawaua, hasa waliothubutu kupiga kura au kufundisha shule. Hali ilifika pabaya mpaka Oktoba 1871 Rais Grant akasimamisha haki ya mtuhumiwa kufikishwa mahakamani haraka katika wilaya tisa za South Carolina, jeshi likaingia kukamata watu. Moja ya wilaya hizo ni Fairfield, kwao Isabelle. Nyingine ni Laurens, kwao askari wengi wa batalioni yake. Kwa habari nilizozisoma, hakuna tendo la usiku lililoandikwa kwa jina la Baruch, nami sitamzushia. Lakini joho ni joho. Mtu hashoni vazi la kuficha uso kwa ajili ya kwenda sokoni.

Na yeye mwenyewe alikuwa Myahudi, mhamiaji aliyekuja na kamusi mkononi! Alijua maana ya kuwa mgeni anayetazamwa kwa jicho la pembeni. Nimeona watu wakimtetea kwa kusema ndivyo nyakati zilivyokuwa. Nyakati hizo hizo walikuwepo watu wa Camden waliolala wakisikiliza kwato za farasi usiku, na nao walikuwa wanaishi nyakati zile. Walikuwa wagonjwa wake pia, maana daktari wa wilaya hana mlango wa kabila. Nani kati yao alimwita usiku na kumpokea kwa taa bila kujua kilichokuwa darini kwake?

Nawaambia haya ninyi kwa sababu mtapewa heshima kubwa mno mapema mno. Watu watawaamini kwa sababu mmegusa mwili wa mtoto wao ukapoa homa. Na kila mmoja wenu ana sanduku lake: kabila analolidharau, dini asiyoipenda, mwanamke aliyekuja na mimba bila mume na ukamsemesha kwa sauti tofauti. Mimi lilikuwepo langu. Mwaka wangu wa pili kazini nilimweka mama mmoja wa jamii ya wafugaji mwisho wa foleni, asubuhi nzima, kwa sababu wenzangu walizoea kufanya hivyo na mimi nikazoea. Mtoto wake alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Aliishi, ila masikio yake hayakurudi.

Tuendelee, maana maisha ya Baruch hayakuishia darini.

Julai 5, 1880, rafiki na mgonjwa wake, Kanali William Shannon, wakili wa Camden, aliuawa katika pambano la bastola la watu wawili na Kanali Cash, kwa ugomvi ulioanzia mahakamani juu ya deni na kukuzwa kwa jina la heshima. Baruch alikuwa amejaribu kuzuia. Kwa siri alipanga mkuu wa polisi wa wilaya afike kabla ya risasi. Akachelewa. Shannon alikuwa na familia kubwa na hakutaka kupigana. Kifo chake kiliwachoma watu mpaka jimbo likatunga sheria ya kuwazuia waliopigana hivyo kushika ofisi ya umma. Kwa Baruch ndiyo iliyokuwa tone la mwisho. Aliuza nyumba, kazi na lile shamba la ekari tatu, akahamia New York na mkewe na watoto, wakaanzia vyumba viwili vya kupanga.

Ya New York nitayapitia haraka isipokuwa mawili. La kwanza ni kidole tumbo. Mwishoni mwa Desemba 1887 alikuwa na kijana mgonjwa wa tumbo, mtoto wa rafiki wa zamani, na madaktari wapasuaji mashuhuri wawili wamesimama kitandani. Mmoja akashauri wasubiri. Kusubiri ndiko kulikokuwa kanuni, na wagonjwa walikufa kwa kanuni hiyo, utumbo umepasuka na usaha umeenea. Baruch, yule wa Camden, akashikilia kwamba wapasue sasa. Wakapasua, kijana akapona. Baadaye daktari mmoja mkubwa wa upasuaji alitamka hadharani kwamba katika suala la upasuaji wa kidole tumbo, wanadamu wanamdai shukrani Baruch kuliko mtu mwingine yeyote. Na kisu hakikuwa mkononi mwake. Alichofanya ni kukataa kunyamaza mbele ya wakubwa.

La pili ni maji. Mtu aliyeona jeshi likifa kwa maji machafu, na yeye mwenyewe akalala wiki mbili bila fahamu kwa homa ya matumbo, alitumia miaka yake yote iliyobaki kwenye maji safi. Aliwaogesha wagonjwa wa homa ya matumbo kwa maji ya baridi kwa utaratibu, nyuzi za joto zikipimwa na saa mkononi, kama alivyofundisha Ernst Brand wa Ujerumani, wakati antibiotiki bado hazijazaliwa. Aliandika vitabu juu ya tiba ya maji mwaka 1892 na 1898. Lakini kubwa lilikuwa mabafu ya umma. Tume iliyochunguza nyumba za kupanga za maskini wa New York mwaka 1894 ilikuta kwamba kati ya watu 255,000 na zaidi, ni 306 tu waliokuwa na bafu ndani ya nyumba. Mia tatu na sita! Wengine walijisugua kwa ndoo jikoni, au hawakuoga. Baruch alipigania mabafu ya manyunyu badala ya mabeseni, kwa sababu manyunyu hutumia maji kidogo, hupokea watu wengi kwa saa moja, na mtu haogi ndani ya uchafu wa aliyetangulia. Alidai pia yawe ya bure. Mwaka 1895 sheria ya jimbo ikailazimisha miji yenye watu zaidi ya 50,000 kuyajenga. Bafu la kwanza la manispaa ya New York likafunguliwa mtaa wa Rivington mwaka 1901, katikati ya wahamiaji maskini, wengi wao Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki waliofika kama yeye alivyofika, bila lugha. Alisema kwa mabafu hayo ameokoa maisha mengi kuliko kwa kazi yake yote ya udaktari. Namwamini. Tundu moja la choo na bomba moja la maji kijijini kwako litakupunguzia wagonjwa kuliko kabati zima la dawa.

Hakuiacha Kusini moyoni. Familia yake ilisimulia kwamba popote bendi ilipopiga wimbo wa Dixie, hata ndani ya jumba la opera la Metropolitan, mzee alisimama akapiga ule ukelele wa kivita wa askari wa Shirikisho, mkewe akimvuta koti akae. Alifariki New York tarehe 3 Juni 1921.

Miaka minane kabla ya kifo chake, mwaka 1913, Camden ilifungua hospitali. Bernard ndiye aliyetoa fedha, kwa heshima ya baba yake. Yule mtoto aliyelishika joho darini, sasa mtu mzima na tajiri, alipotoa fedha za hospitali ya Camden aliweka sharti: idadi maalumu ya vitanda itengwe kwa wagonjwa Weusi.